Selimundu imevuka bahari: je, Muumba anatutakia mema?

Huku Uingereza mtu huuliza hata kwenye chai ya kazini kama Muumba anawatakia wanadamu mema, na hakuna anayemwita kafiri. Nyumbani jibu hutangulia swali: Mungu ni mwema, basi. Naona pande zote mbili zina haraka. Ugonjwa unaonisukuma kusema hivyo ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu jeni yake ipo Kilifi, ipo Mwanza, na tumehamia nayo London.

Mtoto hurithi jeni ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa baba na kwa mama. Akipata moja yenye hitilafu ni mbebaji, AS: kwa kawaida haumwi, na malaria kali humkwepa kwa kiasi kinachokadiriwa kufikia asilimia 90. Akipata mbili, SS, seli zake nyekundu zikikosa oksijeni hujipinda, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza uhusiano wa jeni hii na malaria mwaka 1954. Wahubiri wenye elimu huipenda habari hiyo: tazameni hekima ya Muumba! Sawa, lakini wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa SS. (Kila mimba, jamani. Wengi hudhani mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Hesabu huanza upya kila mara.) Kinga ya wengi analipia mtoto ambaye hakuulizwa. Na kimelea cha malaria, na mbu anayekisambaza, waliumbwa na nani?

London hakuna malaria. Faida ya jeni imebaki nyumbani, hasara tumekuja nayo. Kwa hoja ya wahubiri wale, mtoto wa huku ndiye aliyepunjwa zaidi, na bado ndiye anayekua. Siku ya tano hivi tangu azaliwe, mkunga humchoma kisigino na kujaza matone manne ya damu kwenye kadi. Akigundulika kuwa SS, huanza penisilini kabla ya miezi mitatu: miligramu 62.5 mara mbili kwa siku mpaka mwaka mmoja, kisha 125 hadi afike miaka mitano. Sababu ni bandama, ambayo huharibika mapema na kumwacha bila ulinzi dhidi ya bakteria wa nimonia. Homa ya asubuhi yaweza kuua jioni. Mzazi hufundishwa kupapasa chini ya mbavu za kushoto. Bandama ikivimba ghafla na mtoto akapauka, damu imenasa humo, na hospitali haingoji kesho.

Nyumbani mtoto yuleyule huonekana mzima hadi miezi minne au sita, maana himoglobini aliyotoka nayo tumboni bado inamlinda. Kisha vidole vinavimba, na maneno yanaanza: karogwa, ukoo una laana. Yesu aliulizwa hivyohivyo kuhusu kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, akasema si yeye wala wazazi. Makadirio mengi yanasema zaidi ya nusu ya watoto wa SS barani Afrika hufa kabla ya miaka mitano, wengi bila ugonjwa wao kutajwa. Msibani tunaambiwa Mungu kampenda zaidi. Hapo sikubali. Penisilini ni dawa ya bei nafuu. Kuikosa kliniki halafu tukaita upendo wa Mungu ni kumsingizia.

Wala si kwamba matibabu yanafaa Ulaya tu. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kuwa haidroksiyurea hupunguza maumivu, kuongezewa damu, vifo, na hata malaria. Dawa hiyo huongeza himoglobini ile ya tumboni. Sharti damu ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa dozi ikizidi hushusha seli nyeupe.

Lakini wenzetu wa huku nao wakiona mtoto kapona homa husema mambo yamekwisha, Muumba hana nafasi. Hayajaisha. Wagonjwa ambao ni watu wazima bado wanalazwa London kwa maumivu yanayohitaji mofini. Ukishaondoa makosa ya kliniki na ya ndugu, jeni yenyewe inabaki, na mimi siuoni wema wa wazi ndani yake. Naona kanuni inayotunza kundi na kumpita mmoja. Ayubu alilalamika kwa mambo ya namna hii, na bado alihesabiwa miongoni mwa wacha Mungu.

Makanisa mengi ya kwetu huomba kipimo cha VVU kabla ya kufunga ndoa. Cha selimundu nacho kingeongezwa, ila wachumba waombe elektroforesisi ya himoglobini, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini. Kile cha haraka cha kuangalia seli zikijipinda huonyesha tu kuwa jeni ipo. Hakitofautishi AS na SS.