Sambusa Zilivyonikatishia Kazi ya Mrushaji wa Akiba

Kazi yangu ya mrushaji wa akiba katika mchezo wa besiboli ilidumu kwa mpira mmoja, na huo mmoja wenyewe ulimpata mtu ubavuni.

Nafasi hiyo niliipata kwa sababu ya jina. Mimi naitwa Mohamed, lakini kwenye ghala la Bronx, jijini New York, nilikokuwa nikipakia mizigo, wenzangu walinifupisha wakaniita Mo. Kocha wa timu yetu ya Jumapili, mzee wa Kipanama ambaye ni fundi bomba, alipolisikia alinishika bega kama mtu aliyempata nduguye aliyepotea, maana Mo ndilo jina la utani la Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi wa Puerto Caimito huko Panama, aliyeichezea timu ya New York Yankees kuanzia 1995 hadi 2013 na kuokoa mechi 652, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine aliyewahi kuifikia. Sikuelewa ni vipi jina la utani lingeweza kuhamisha kipaji, lakini mtu akipewa cheo bila kukiomba, si adabu kuuliza maswali mengi.

Kuokoa mechi, kama kocha alivyonifafanulia kwa kupanga vichupa vya chumvi na pilipili mezani, ni hivi: timu yenu inaongoza kwa alama chache, raundi ya 9 ambayo ndiyo ya mwisho imefika, aliyeanza kurusha amechoka, nawe unaingia kuulinda ushindi huo mpaka mpinzani wa mwisho atolewe. Rivera aliifanya kazi hiyo karibu kwa mrusho wa aina moja tu. Mpira wake ulikwenda umenyooka, kisha ukikaribia gongo la mpigaji ukapinda pembeni kidogo, na wapigaji wa mkono wa kushoto uliwaingia vidoleni na kuwavunjia magongo, hata timu ya Minnesota ilipomuaga mwaka 2013 ikamzawadia kiti cha kubembea kilichoundwa kwa magongo yaliyovunjika. Siri yote imo katika kidole cha kati, ambacho hukandamiza mpira unapotoka mkononi. Naomba msomaji akikumbuke kidole hicho.

Jambo ambalo kocha hakunieleza ni kungoja. Mrushaji wa akiba hukaa kando ya uwanja, mahali ambapo Wamarekani hupaita zizi la mafahali, na kwa kuwa timu yetu ilikuwa na fahali mmoja tu, methali yetu haikupata nafasi ya kujaribiwa. Nilikaa hapo peke yangu raundi nane, jua la Julai likinichoma utosini, nikiwa sina kazi isipokuwa kuitazama hotipoti aliyoniletea mama mdogo.

“Kula, mwanangu,” aliniambia kupitia uzio. “Utatupaje mawe na tumbo tupu?”

Nilimweleza kwamba si mawe. Kisha nikala sambusa ya kwanza, na raundi ya 7 ilipokwisha nilikuwa nimemaliza ya tatu. Zilikuwa za nyama, zimekolea bizari na giligilani, na zile zilizokuwa chini zilikuwa zimefyonza mafuta ya zile za juu. Ya nne niliifunga kwenye karatasi ya foili nikaichomeka ndani ya glavu, nikiwa na nia njema kabisa ya kuirudia baada ya ushindi.

Raundi ya 9 tukiwa mbele kwa 6 dhidi ya 4, mpinzani mmoja kati ya watatu wanaopaswa kutolewa ameshatoka na wawili wamesimama kwenye vituo vya kukimbilia, kocha aliinua mkono na kuita kwa sauti iliyojaa machozi, “Mo!” Niliingia kwa mwendo wa pole, kwa sababu Rivera naye alikuwa na utulivu wa aina hiyo. Kutoka mrushaji anaposimama hadi kwa mpigaji ni mita 18 na kitu. Nikaushika mpira, nikaweka kidole cha kati mahali pake, nikakandamiza.

Mpira ulichomoka kama sabuni ya bafuni, ukapaa juu na kuanguka nyuma yangu. Mwamuzi alitangaza kwamba huo si mrusho bali ni kosa langu, akawapa wakimbiaji wote wawili kituo kimoja cha bure. Mara ya pili nilikandamiza zaidi, jambo ambalo sasa natambua lilikuwa kama kuongeza mafuta kwenye moto, na mpira ukamkita mpigaji ubavuni. Hakuumia sana, ila alipoitazama jezi yake nyeupe aliona doa la manjano lenye umbo la vidole, akaanza kupiga kelele.

Mrushaji kupaka mpira kitu chochote ni marufuku katika besiboli. Hata mate yalipigwa marufuku mwaka 1920. Mwamuzi aliuokota mpira akaugeuzageuza, akabandua jani dogo la giligilani kwa ukucha, akaunusa. Kisha akaomba glavu yangu. Foili ilianguka yenyewe miguuni pake, ikafunguka, na wachezaji 18 pamoja na mama mdogo wakakiona kielelezo cha kwanza cha kesi hiyo kikiwa bado na joto lake.

Nilitolewa nje. Kijana aliyechukua nafasi yangu, ambaye haitwi Mo wala hafanani na Mo, alirusha mara moja tu, mpigaji akaugonga mpira chini, wakatolewa wawili kwa pamoja na mechi ikaokolewa. Mama mdogo aligawa zilizobaki kwenye hotipoti kwa timu zote mbili, na mwamuzi alikula mbili huku akiwa ameshikilia kile kielelezo kwa mkono wa pili.

Aliyekuwa akiandika matokeo alinijia na kalamu yake. Katika daftari kulikuwa na nafasi ya sababu ya mchezaji kuondolewa, naye alitaka kujua kama sambusa huandikwa kwa s moja au mbili.