Kokoto saizi gani, mzee wangu?

Leo asubuhi cheni ya baiskeli imechomoka tena. Kwenye kilima kile kile, mbele ya watu, miguu ikazunguka bure kama feni halafu nikabaki nimesimama nachekacheka eti nilipanga kushukia hapo. Mikono myeusi ti, suruali imegongwa muhuri wa meno ya gia, mnaujua ule. Nikasema sasa basi. Miaka minne na baiskeli ya kuanzia, gia nane nyuma, breki za waya ambazo mvua ikinyesha zinalia badala ya kushika. Mtu mzima anapanda daraja.

Na sikukurupuka jamani, wiki tatu sijalala vizuri, nimechuja zimebaki mbili. Moja fremu ya kaboni, gia moja mbele, ila breki bado za waya. Nyingine fremu ya alumini, breki za mafuta, gia mbili mbele. Bei? Sawasawa. Yaani aliyezipanga alinikusudia mimi.

Nikaenda kuziona. Kijana akanipokea, "karibu bosi". Nikaweka mikono nyuma kama mkaguzi. Akauliza napita njia gani, nikasema za vumbi na kokoto.

"Kokoto saizi gani?"

Saizi! Mimi kokoto sijawahi kuzipima, zenyewe ndo zimenipima, mara mbili, goti la kulia. Nikaonyesha kwa vidole, hivi. Akatikisa kichwa kama daktari kaona picha ya mapafu. "Hapo braza unataka tairi ya milimita 45, isiyo na tyubu." Ndani sasa kuna nini? "Upepo, na maji meupe kama maziwa, mwiba ukichoma yanaziba tundu yenyewe." Na yakikauka? "Unaongeza, kila baada ya miezi kadhaa." Kwa hiyo nimekimbia viraka nimekuja kunyonyesha tairi. Sikusema kwa sauti, ila nahisi alisikia maana kuanzia hapo nikawa "mzee wangu".

Akahamia kwenye meno ya gia. Ya kaboni mbele 40, nyuma kubwa kabisa 42. Ya alumini mbele 46 na 30, nyuma 34. "Gawanya mzee wangu." Nikasimama pale nagawanya 30 kwa 34 jasho linanitoka kama niko kilimani kwenyewe. 0.88. Ile nyingine 0.95. Namba ikiwa ndogo mguu unapata nafuu, kwa hiyo ya alumini ndo inapanda kirahisi, na kwa lile 46 mteremkoni inakimbia zaidi. Nikafurahi, jibu hilo! Akasubiri nimalize kufurahi ndo akasema, "ila ya gia moja cheni haichomoki ovyo, meno yake yamechongwa moja nene moja jembamba, yanaing'ata."

"Sasa si ungeanza na hilo wewe mtoto!" Watu wakageuka. Heshima yote ya mikono nyuma ikaishia hapo.

Nikanyanyua ya kaboni, nyepesi. Nikanyanyua ya alumini, nyepesi. Aliyezoea ya kwangu hata kabati ataliona jepesi. Halafu moja inasema mimi ni midiamu, nyingine laji, mwili huu huu.

Nyumbani nikamsimulia mama watoto yote, kaboni, meno, maji meupe. Akasikiliza vizuri kabisa, akauliza: "Na hiyo yako ukiiwekea cheni mpya?"

Hilo si swali la kumuuliza mtu aliyekesha wiki tatu.

Moyo unaegemea breki za mafuta, niwe mkweli. Cheni kuchomoka ni aibu tu, kushindwa kusimama mteremkoni ni habari nyingine, na zile nilizijaribu, vidole viwili tu inatulia. Lakini ile kaboni inavyong'aa... Nikasema nizunguke kidogo na hii ya zamani nifikirie vizuri, tairi ya nyuma imelala, natafuta pampu, hakuna. Imeazimwa mwezi uliopita na jirani wa mlango wa pili, "nairudisha sasa hivi", na baiskeli hana! Anajaza nini mwezi mzima? Nimegonga mara tatu, taa inawaka, redio naisikia inapunguzwa sauti.