Damu si hadithi yote

Mwandishi, katika makala yako umesema Hokuto no Ken, ile katuni ya Kijapani, ni umwagaji damu mtupu na haina la maana. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Ni kweli Kenshiro, shujaa wake, anabonyeza nukta fulani mwilini, na baada ya sekunde chache adui analipuka. Lakini hata Toei Animation, studio iliyoitengeneza, walipoanza kuionyesha kwenye televisheni mwaka 1984, mengi waliyaficha: mtu akianza kupasuka anageuzwa kivuli.

Ulichokiruka ni yule mzee wa mbegu za mpunga. Dunia imeteketezwa na vita vya nyuklia, watu wanauana kwa ajili ya maji, naye ana njaa lakini hataki kugusa ule mfuko wa mbegu, maana anataka kijiji chake kije kivune. Majambazi wanamuua. Kenshiro anamzika, kisha anamwaga zile mbegu juu ya kaburi. Jamani, ukishaona hapo ndipo ngumi zinapata maana! Na Toki, kaka yake Kenshiro, je? Alibaki nje ya handaki la kujikinga na mabomu ili wenzake wapate nafasi, mionzi ikamla mwili, na bado mikono ile ile ya kuulia anaitumia kutibu wagonjwa.

Uliposema haiwafai watoto, hapo nakuunga mkono. Mdogo wangu wa darasa la tatu simwekei ng'o. Ufaransa waliiweka kwenye kipindi cha watoto, na wazazi walikuwa na haki ya kulalamika. Ila watu wazima tuacheni tuangalie, na ninyi mnaoihukumu anzeni mwanzo, msiishie kwenye vipande vya mapigano vinavyozunguka mitandaoni.