Shikamoo Babu, Unafanya Nini Huko Juu?

Kwanza tuelewane. Ule mnara ulio uani kwangu hapa Sahare, Tanga, si mnara wa simu. Hakuna kampuni inayonilipa pango. Nasema hivi kwa sababu kila harusi ya mtaani kadi ya mchango inafika kwangu kabla haijafika kwa wenye maduka, na nikitoa kidogo watu wanaguna: "Na hela zote zile za mnara?" Hela gani, jamani? Minara ya wenzangu inaingiza hela. Wangu unaingiza kunguru.

Ni mnara wa redio ya ridhaa, yaani redio ya mtu anayezungumza na dunia kwa kupenda tu, bila mshahara na bila shukrani ya mtu nyumbani. Leseni ninayo, ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na jina langu la hewani linaanza na 5H kama la kila Mtanzania mwenye maradhi haya. Wakenya wanaanza na 5Z, Waganda 5X. Mnara una mita 15, vipande vitano vya chuma vilivyofungwa kimoja juu ya kingine, stei, yaani nyaya za kuushikilia, zimeuvuta pande tatu. Kileleni kuna mota ya kuzungushia, na juu ya mota kuna Yagi, antena waliyoitangazia dunia Wajapani wawili, Yagi na Uda, mwaka 1926. Kwa megahezi 14 fimbo zake zina karibu mita 10 kila moja. Nilipousimamisha nilikuwa kijana, napanda na kushuka huku naimba. Hakuna aliyenikumbusha kwamba kitu ukikiweka juu, siku kikiharibika hakishuki chenyewe kuja kutengenezwa.

Na kinaharibika! Chumvi ya bahari haina adabu. Boliti unaikaza ikiwa inang'aa, ukirudi unakuta imeungana na nati yake, zimekuwa kitu kimoja, spana namba 13 inazunguka tu kwenye unga wa kutu. Kebo ndiyo usiseme. Maji yakishapenya kwenye kiunganishi cha juu hayaishii hapo. Ule wavu wa shaba ndani ya kebo unayanyonya, unaota ukijani kimya kimya kushuka chini, na wewe uko mezani unashangaa kwa nini hata Nairobi hawakusikii.

Halafu hao kunguru. Kunguru wa India waliletwa Unguja miaka ya 1890 eti wale takataka. Takataka ziko pale pale. Wao wakahamia bara, na siku hizi viota vyao wanavijenga kwa vipande vya waya. Nani kawafundisha? Kunguru akishaweka kiota cha waya kwenye fimbo ya Yagi, amekwisha kubadilisha hesabu zote za antena, na nguvu unazotuma zinarudi kwenye redio badala ya kwenda hewani. Ukipanda kukiondoa, mama mwenye nyumba anakudonoa upara. Nina alama.

Kwa hiyo kupanda ni lazima. Na si siku yoyote. Kusi ikishaanza kuvuma mnara unaongea usiku kucha, huwezi kuukaribia. Kaskazi ikiwa kali vilevile. Unavizia maleleji, pale pepo zinapobadilishana zamu, na maleleji hayo ndiyo yanayokuja na masika na radi zake. Yaani mwaka mzima nina vijisiku vichache tu, na vyote vinaangukia msibani kwa mtu.

Sasa nimevuka sitini, na mnara wangu, ambao kwa kumbukumbu zangu ulikuwa na mita 15, naona una kama 40. Sijui nani anaongeza vipande usiku. Nikifika kipande cha pili magoti yanalia kama bawaba za mlango wa stoo, mpaka jirani anafungua dirisha kutazama nani anaingia. Mikono inaanza kutetemeka kipande cha tatu. Cha nne nakaa kidogo, nasema napumzisha mnara.

Miwani nayo ina siasa zake. Kuona nati lazima niivae, kuona pa kukanyaga lazima niivue. Nikitazama chini nimeivaa, ardhi yote ni ukungu, na mtu aliye hewani hapendi kuona kwamba ardhi haipo.

Kisha kuna dawa ya presha. Daktari kanipa ile ya kutoa maji mwilini, ya kumeza asubuhi. Na kazi ya mnara ni ya asubuhi, kabla jua halijachoma chuma. Sasa piga picha: umepanda kwa taabu, umejifunga, umefungua boliti ya kwanza, mikono yote grisi, na hapo ndipo dawa inaripoti kazini. Kushuka ni safari. Kuvua hanesi ni shughuli. Choo kiko upande wa pili wa nyumba, na mlangoni kuna mjukuu anauliza kama anaweza kuchukua simu yangu. Vijana mnaocheka, chekeni. Zamu yenu ipo.

Na hanesi yenyewe! Zamani tulipanda na mkanda wa kiunoni. Wakaja wataalamu wakasema hapana, mkanda ule ukianguka nao unakuvunja mbavu, au unachomoka humo kichwa chini. Vaa hanesi ya mwili mzima, mapajani mpaka mabegani, na kamba mbili, usifungue moja kabla hujafunga nyingine. Sawa, nakubali, wana akili. Ila ile niliyonunua ilipimwa kwa tumbo la wakati ule. Sasa nikivuta mikanda ya mapaja, ya kifua inagoma. Ya kifua ikikubali, siwezi kusema. Na eti ukining'inia humo bila kusogea, damu inabaki miguuni, dakika chache tu unazimia, kwa hiyo lazima chini kuwe na mtu anayejua jinsi ya kukushusha. Nikamuuliza mke wangu: nikikwama utafanyaje? Akasema: "Aliye juu mngoje chini." Akaendelea kuchambua mchele.

Lakini mwili ni nusu ya taabu. Nusu nyingine iko barabarani.

Nchi hii mtu mzima akionekana juu ya mnara, watu wanajua mawili tu: amedhulumiwa au ameachwa. Nimefika kipande cha nne, nasikia bodaboda imesimama. Ya pili. Muuza ubuyu kaweka ndoo chini. "Mzee, shuka tuyamalize!" Nawaambia niko kazini. "Hata sisi tuna matatizo, mzee, lakini tumevumilia!" Mama mmoja ananililia kabisa: "Baba, mwanamke si yeye tu duniani!" Na mke wangu huyo hapo, kashika kamba ya ndoo ya spana, anasikiliza anavyotafutiwa mbadala. Simu zimeinuliwa zote zinarekodi. Akaja mjumbe wa nyumba kumi, kavaa kanzu, anaomba nieleze madai yangu. Nikamwambia nadai spana namba 17. Wakapigana vikumbo kuitafuta.

Na watoto wa shule. Mtoto wa Tanga kalelewa, hapiti mkubwa bila kumwamkia, hata mkubwa akiwa angani. "Shikamoo babu!" Nina skrubu mdomoni. Nisipoitikia, nitaambiwa nimewadharau watoto wa watu. Natema skrubu, "Marahaba!", skrubu inakwenda zake kwenye mchicha. Nashika nyingine. "Shikamoo babu!" Wako darasa zima. "Babu, unafanya nini huko juu?" Naongea na Italia, nikawaambia. Wakatazamana, wakaondoka mbio.

Nikasema basi, nitafute kijana wa kupanda. Tanga na watu wa kupanda unakosaje? Nikamwita mkwezi. Mtu huyu anapanda mnazi mrefu kuliko mnara wangu, miguu mitupu, panga kiunoni, hana hanesi wala bima, na huko juu anapiga mluzi. Akaja, akauzunguka mnara, akaugonga kwa kidole. Akavuta moja ya stei ikalia. Akarudi nyuma.

"Mzee, huu sipandi."

"Kwa nini, kijana wangu? Una ngazi kabisa, mnazi hauna."

"Mnazi una mizizi. Huu umefungwa kwa kamba." Akanyamaza kidogo. "Na ule una madafu. Huu nikifika juu natupa nini?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Jirani naye akasema anaye fundi wa madishi, hodari. Fundi akaja na pliers moja na tepu nyeusi, akapanda mpaka kipande cha pili, akashuka, akasema tatizo liko kwenye king'amuzi. Huyo nilimpa chai tu.

Mwanangu yuko Dar, anashughulika na kompyuta. Kila nikimpigia ananishauri nistaafu kupanda. Anasema: "Baba, siku hizi kuna setilaiti." Ni kweli. Ipo, ya Qatar, ilirushwa Novemba 2018, ndani yake kuna nafasi ya watu wa redio za ridhaa wanaiita QO-100. Imesimama pale pale juu ya Afrika, kilomita karibu 36,000, haichomozi wala haizami. Dishi dogo tu, unaongea na Brazil hadi Thailand, na kwa sisi wa hapa dishi lenyewe halipandishwi popote, unaliweka chini uani, maana linatazama juu karibu na utosini. Ndiyo. Na mvua ikinyesha linajaa maji, bata wanaoga. Ushauri mzuri huo. Akasema basi, "Tumia FT8, baba." Hiyo ilitoka 2017, mmoja wa waliobuni ni Joe Taylor, mwenye Nobel ya fizikia ya 1993. Kompyuta yako inanong'ona na kompyuta ya mwenzako kwa zamu za sekunde 15, hata antena ikiwa mbovu wanasikiana. Wewe unakaa pembeni. Sasa kama mashine zinaongea zenyewe, mimi nimechukua leseni ya nini, ya kutazama?

La tatu ndilo lililoniuma. Akaniambia: "Baba, wewe unaishi baharini. Chukua fimbo ya faiba, isimamishe ufukweni na waya mmoja, maji ya chumvi yatakufanyia kazi yote." Na ni kweli mtupu, hakuna ardhi nzuri kwa antena ya kusimama kuliko maji ya chumvi. Wazungu wanakuja likizo Unguja, wamevaa kaptula, wanachomeka fimbo mchangani karibu na maji, jioni hiyo hiyo wameimaliza Marekani yote. Mtu hajapanda kitu kingine zaidi ya ngazi ya ndege! Mimi nina chuma, stei, grisi na dawa ya presha, naye ananizidi kwa mti wa kuvulia samaki.

Kinachoniudhi si kwamba ushauri wao ni mbaya. Ni mzuri wote. Lakini nikishafika juu nikajifunga, naona bandari, naona kisiwa cha Toten, na asubuhi ikiwa safi naiona Usambara, na kule hakuna anayeniuliza hela ya gesi. Bila mnara nitatoa sababu gani ya kwenda huko?

Ningeahirisha, ila jua nalo linanikimbiza. Madoa ya jua yana mzunguko wa miaka kama 11. Yakiwa mengi, masafa ya juu yanafunguka, megahezi 28 dunia nzima inaingia sebuleni kwa nguvu za taa moja. Mzunguko huu wa sasa ulianza Desemba 2019, kilele kimepita 2024, na sasa tunateremka. Kilele kijacho kwa hesabu hiyo ni katikati ya miaka ya 2030. Magoti yangu yana mzunguko pia, lakini wenyewe haujaonyesha dalili ya kupanda tena.

Na katikati ya neema yote hiyo, mota ya kuzungushia ikagoma. Imeganda, na imeganda kuelekea kusini mashariki. Mbele yangu iko Bukini, iko Réunion, kisha maji matupu hadi kusini mwa Australia. Italia, ambako nikitamka tu "Faivu Hoteli", yaani ile 5H yangu, watu wanagombana nani anijibu kwanza, wananisikia kwa kisogo. Mmarekani nampata, lakini sauti yake inabidi izunguke dunia kwa kupitia Pasifiki na kule kusini mwa Australia, inafika imechoka. Nikamweleza mke wangu uzito wa jambo hili: mama, kuna watu huko Ulaya wanakesha wakiningoja mimi. Akasema, "Baba Zuhura, kama wanakupenda hivyo, waje wakupandie."

Basi ni Jumamosi, mapema, kabla jua halijapata nguvu. Namtaka mtu mmoja tu wa kushika kamba ya kapi huku chini, awe anajua spana kwa namba, asiwe mtu wa kupokea simu, na akiamkiwa na watoto aitikie kwa niaba yangu. Chai na mihogo vipo. Dawa nitameza nikishashuka. Yule fundi wa madishi asije.