Tomás Mejía hakuwa askari wa mapadri tu

Kosa linalorudiwa kuhusu Jenerali Tomás Mejía ni kumfanya Mwotomi, mtu wa kabila la asili la Waotomi, mcha Mungu aliyeburuzwa na mapadri wa Mexico. Mcha Mungu alikuwa, na alipoasi mara ya kwanza alitaja dini. Lakini Juni 25, 1856 ikatoka Sheria ya Lerdo, iliyozilazimisha taasisi kuuza ardhi zake. Ililenga Kanisa, vijiji vya wenyeji wa asili navyo vikahesabiwa taasisi. Shamba la kijiji likishakatwa vipande, asiye na akiba huuza chake, na mnunuzi ni bwana shamba jirani. Kwa watu wa Sierra Gorda, milima ya Mexico alikozaliwa Mejía mwaka 1820, "uhuru" wa waliberali, waliotunga sheria hiyo, ulifika umeshika kamba ya kupimia ardhi.

Kivita alikuwa mtu wa farasi na makorongo. Wahafidhina, upande wake dhidi ya waliberali, waliposambaratishwa Calpulalpan, Desemba 22, 1860, yeye alirudi Sierra akaendelea kupigana. Njia za kule hulazimisha jeshi kwenda msururu mmoja, mizinga hukwama, na chakula cha wanyama lazima kibebwe na nyumbu. Anayefukuza ndiye anayechoka.

Akishuka, mambo yaligeuka. Septemba 1864, akimtumikia Kaizari Maximilian aliyewekwa na Wafaransa, alishika Matamoros, mji wa mpakani ulioneemeka kwa pamba ya Texas iliyopitia huko kukwepa manowari za Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Vita hivyo vilipokwisha 1865 neema ikakatika, na ng'ambo ya mto wa mpakani wakapiga kambi askari wa Marekani waliompendelea Juárez, rais wa waliberali. Juni 16, 1866, pale Santa Gertrudis, Escobedo, jenerali wa Juárez, aliunyakua msafara uliotoka Matamoros. Siku chache baadaye Mejía akauacha mji.

Hoja ya mapadri inavunjika hapa: Februari 1865 Kaizari Maximilian alithibitisha utaifishaji wa mali za Kanisa, na Mejía hakumwacha. Septemba 16, 1866 Kaizari huyohuyo akatoa sheria ya kuvipa vijiji ardhi, kwa Kihispania na Kinahuatl. Ilichelewa mno, Wafaransa walikuwa wanafunga mizigo.

Querétaro, mji wa mwisho wa Kaizari, iko bondeni. Walioizingira kuanzia Machi 6, 1867 walikaa vilimani, wakakata mfereji wa maji. Mtu wa milimani kafungiwa ndani ya bakuli! Mji ulianguka Mei 15. Juni 19 Mejía alipigwa risasi Cerro de las Campanas, kilima cha hapo, pamoja na Maximilian na Miramón, jenerali mwingine wa wahafidhina, kwa sheria ya Juárez ya Januari 25, 1862 ya kuwaua waliowasaidia wavamizi. Kaburi la Mejía liko San Fernando, Mexico City. Mwaka 1872 Juárez, Mzapoteki, naye mwenyeji wa asili, alizikwa makaburi hayohayo.