Begi la Mwanafunzi Mapajani mwa Abiria

Saa kumi na mbili asubuhi, katika kituo cha daladala cha Mbagala au Gongo la Mboto jijini Dar es Salaam, kondakta huweka mkono mlangoni na kusema wanafunzi wametosha, hata kama ndani wameingia wawili tu. Kuna siku abiria mmoja husema, "Mwache apande, nitamlipia ya mtu mzima." Mtoto akishapenya, mama aliyeketi dirishani hunyoosha mkono, akampokea begi bila kumuuliza jina, akalipakata hadi atakaposhuka.

Wanaotilia shaka wema huu wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Kwa viwango vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, mwishoni mwa mwaka 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi, na kondakta anayesubiriwa na hesabu ya tajiri mwenye gari jioni huiona ile tofauti ya 400 kila anapotazama sare ya shule. Abiria anayelijaza pengo hilo kwa fedha yake hajaliondoa. Huenda hata anamzoesha kondakta kwamba akimzuia mtoto kwa muda, atatokea msamaria wa kulipa.

Hofu ya pili inaniuma zaidi. Wazazi huwakanya mabinti zao wasipokee lifti ya bodaboda wala fedha ya mtu wasiyemjua, kwa sababu wapo waliomaliziwa ndoto za shule na ukarimu wa namna hiyo. Neno "nitakulipia" hutamkwa na mwema na mwovu kwa sauti ileile, na si haki kumdai mtoto wa miaka 12 awatofautishe.

Hata hivyo, naona begi lililopakatwa mapajani liko mbali na lifti ya kichochoroni. Linapokelewa mbele ya macho ya abiria wote, halimdai mtoto chochote, na akishuka linarudi mgongoni kwake na mambo yamekwisha. Wema wa hadharani usioacha deni ndio ninaoutetea, na sidhani kama ni mdogo kwa mtoto aliyeanza siku yake kwa kusukumwa mlangoni.

Wala tusiseme wanaopita bila kusaidia wana roho mbaya. Mwaka 1973 watafiti Darley na Batson walichapisha jaribio lao la Princeton, Marekani, lililowahusu wanafunzi 40 wa seminari waliopita karibu na mtu aliyejiinamia akionekana mgonjwa: kati ya waliokuwa na nafasi ya muda walisaidia asilimia 63, na kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Abiria wa asubuhi karibu wote wamechelewa, kondakta akiwa wa kwanza.

Kwa hiyo, baina ya anayelipa 600 na anayenyamaza, nampendelea abiria wa tatu, yule anayesema, "Pokea mia mbili yake, mpakie, tutasogeana." Nauli halali ya mtoto inabaki palepale, na kondakta hajifunzi kumngoja mfadhili. Sauti ya mtu mmoja huweza kupuuzwa. Wakiitikia watu watatu au wanne wa siti za nyuma, mara nyingi ule mkono mlangoni huteremka.