Ukuta wetu unamzuia mwizi, mtoto yuko ndani na bwawa

Nyumba tunayopanga hapa Sydney ina bwawa la kuogelea uani, na wiki hii kaja mkaguzi kwa ajili ya cheti kipya cha usalama wa bwawa. Nilidhani ataangalia maji, klorini, pampu, mambo ya namna hiyo. Wala. Alienda moja kwa moja kwenye geti la uzio, akalifungua kidogo tu akaliachia, likajifunga na kujikomea lenyewe. Akalifungua nusu, akaliachia. Akalifungua mpaka mwisho, akaliachia tena. Halafu akatoa futi akapima kimo cha uzio, uwazi wa chini, nafasi kati ya nondo na nondo, akamalizia kwenye chungu cha maua cha mwenye nyumba kilichokaa karibu na uzio kwa nje, akapima, akasema hiki kisogezwe maana mtoto atakipanda. Chungu cha maua jamani! Nilifurahi mpaka nikawaandikia watu wetu kwenye grupu la WhatsApp, na majibu waliyonipa ndo yamenifanya nije niandike kwa kirefu.

Jibu la kwanza, kama kawaida: "Ushaanza. Ukifika huko kila kitu cha nyumbani kibaya." Naomba tusifike huko. Mi sijasema watu wetu hawapendi watoto wao, na kama kuna kitu nakisifia nyumbani kila siku mbele ya wenzangu wa kazini ni hicho, kwamba mtoto wa kwetu ana macho ya mtaa mzima, akipotea dakika tano tu majirani wote wako nje wanamtafuta. Huku jirani anaweza kukaa miaka bila kujua jina la mwanao. Kwa hiyo habari ya upendo tuiweke pembeni, mi naongelea geti.

Tatizo langu ni hili. Nyumbani mtu akijenga nyumba ya maana kitu cha kwanza ni ukuta, mrefu, juu waya wa umeme au vigae vya chupa, geti la chuma, mlinzi, mbwa. Halafu ndani ya ukuta huo anachimba bwawa, na kati ya mlango wa jikoni na maji hakuna kitu kabisa, ni vigae vinang'aa mpaka ukingoni. Ukimuuliza vipi usalama anakuonesha ukuta. Lakini ukuta ule unamzuia mtu wa nje, na anayekufa maji kwenye bwawa la nyumbani mara nyingi ni wa humo humo ndani, mtoto wa mwenye nyumba, mjukuu aliyekuja likizo, mtoto wa dada wa kazi. Tumemfungia mtoto pamoja na hatari halafu tunalala usingizi kwa sababu mwizi hawezi kuingia!

Hapa New South Wales, jimbo la Australia lenye Sydney, kuna Sheria ya Mabwawa ya Kuogelea ya mwaka 1992, na kwa mabwawa yaliyojengwa tangu Agosti 1990 uzio unatakiwa ulitenge bwawa na nyumba yenyewe, siyo na barabara tu. Yaani hata ukitoka sebuleni kwako lazima ukutane na geti. Kimo angalau mita 1.2, chini uwazi usizidi sentimita 10, kati ya nondo hivyo hivyo sentimita 10. Geti lifunguke kwa nje, likielekea mbali na maji, ili mtoto akilisukuma lisimfungukie, na komeo liwe juu kama mita 1.5 asilifikie. Kuzunguka uzio kuna eneo la sentimita 90 ambalo halitakiwi kuwa na kitu cha kupandia, ndo maana ya kile chungu. Ukiegemea ukuta wa jirani kama sehemu ya uzio, huo uwe mita 1.8. Na karibu na maji kuna kibao chenye picha kinachoonesha jinsi ya kumbana kifua na kumpulizia pumzi mtu aliyezama, maana kabla gari la wagonjwa halijafika ubongo unakuwa ushakosa hewa dakika kadhaa.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba sheria inahesabu bwawa kuanzia lile linaloweza kushika maji ya kina cha zaidi ya sentimita 30. Thelathini! Hata lile la plastiki la kujaza upepo likivuka hapo linataka uzio. Mtu mzima anaona maji ya kufika magotini anacheka, mtoto wa mwaka na nusu akianguka kifudifudi pale hainuki.

Sasa jibu la pili, hili lilitoka kwa mtu ninayemheshimu sana: "Hayo ni malezi, mzazi aangalie mtoto wake." Shikamoo mzee wangu, lakini hapana. Wewe umeona kwenye filamu mtu anazama anapiga kelele anarusha mikono, mtoto mdogo hafanyi hivyo. Anaingia kimya, maji yanatulia, na mama yuko hatua chache anajibu simu au anageuza mboga. Na kwenye sherehe ndo balaa zaidi, watu hamsini uani kila mmoja anaamini mwenzake anaangalia. Yale macho ya mtaa niliyoyasifia hapo juu ndo siku hiyo yanatuangusha. Geti linalojifunga lenyewe halisimulii stori, halichoki, halipokei simu.

Wa tatu akasema hii ni anasa, watu hawana maji ya bomba wewe unaleta habari za mabwawa. Hapa nilikasirika kidogo. Aliyeweza kuchimba bwawa, akaliwekea vigae, pampu na taa za chini ya maji, hawezi kushindwa na uzio wa mita moja na robo. Na mafundi wetu wa kuchomelea ni hatari, nasema kwa fahari kabisa, mageti wanayotengeneza pembeni ya barabara huku ungeyalipia pesa ambayo usingeamini. Bawaba ya springi haiwashindi. Shida ni kwamba hakuna anayewaambia. Tunawaagiza yale maua maua na vyuma vya kulala vimepangana, kwa jicho la mtoto hiyo ni ngazi. Mwambie fundi nondo zisimame, kwisha kazi.

Na kwa wanaosema watoto wetu wanakufa maji ziwani, mtoni na kwenye visima zaidi kuliko kwenye mabwawa ya matajiri, kweli kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao watoto chini ya miaka 5, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Lakini ziwa halina mwenyewe wa kumuuliza. Bwawa lina mwenyewe, lina hati, lina ramani iliyopigwa mhuri. Tukishindwa hapa penye mwenyewe, kule kwenye kisima kisicho na mfuniko tutaanzia wapi?

"Mkaguzi atapewa chochote atasaini." Hili najua mlikuwa mnalisubiri, na nakubali linauma. Ila angalieni wenzetu walivyolibana. Mabwawa yote yanaandikishwa kwenye rejista ya serikali na mtu yeyote anaweza kuingia kwenye intaneti akaona kama bwawa la anwani fulani lina cheti. Cheti kinadumu miaka 3. Tangu Aprili 2016 huwezi kupangisha nyumba ya kawaida yenye bwawa bila cheti hicho kwenye mkataba, na ukiuza bila cheti basi mkataba useme wazi kwamba bwawa lina kasoro, mnunuzi anapewa siku 90 kurekebisha. Kwa hiyo anayekubana siyo mkaguzi peke yake, ni dalali, mwanasheria, mpangaji. Hoteli na majengo ya apatimenti halmashauri inatakiwa kuyakagua angalau kila miaka 3. Wafaransa wao kwa sheria yao ya Januari 2003 wamemwachia mwenye bwawa achague, uzio, mfuniko, banda la kulifunika lote au kengele inayolia, lakini kimojawapo lazima. Siyo kwamba kuna njia moja tu ya Australia.

Sisi tuna nini? Tuna kibao. "Unaogelea kwa hatari yako mwenyewe." Kimebandikwa ukutani kwenye mahoteli, kwenye nyumba za kupangisha likizo, na meneja akiulizwa anakunyooshea kidole hapo. Mtoto wa miaka miwili anasomaje hicho kibao? Kile hakikuandikwa kumlinda mtu, kimeandikwa ili yakitokea lawama ziende kwa mama. Na mama kweli anazibeba, maisha yake yote, halafu sisi tunamalizia kwa kusema ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni mtu wa imani, lakini Mungu hakumkataza mtu kufunga springi kwenye geti.

Mniite mwenye majivuno, sawa. Najua wengi mlioko huku mnajenga nyumbani saa hii na kwenye ramani kuna bwawa, nimeziona hizo picha. Muulizeni mchora ramani uzio wa upande wa nyumba uko wapi kabla hajamwaga zege, na geti linafunguka kuelekea wapi. Akisema utaharibu muonekano, huku watu wanaweka uzio wa kioo kigumu, unaona maji vizuri kabisa na mtoto hapiti.